Barua ya wazi kwa wasajili wa wauguzi: anayerudia NCLEX katika jimbo jipya anasubiri karatasi zenu

Kwa: Wasajili wa mabaraza ya uuguzi ya Afrika Mashariki
Nakala: Wakuu wa vyuo vya uuguzi, na walimu wanaoendesha madarasa ya marudio

Yah: Hati na maandalizi ya wauguzi wanaorudia mtihani wa leseni katika jimbo jipya la Marekani

Waheshimiwa wasajili,

Tunaandika kuhusu kundi la wauguzi ambalo halina msemaji: waliosomea nyumbani, wakafanya NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, wakiwa chini ya jimbo moja la Marekani, wakaanguka, kisha wakahamia jimbo jingine na sasa wanataka kuurudia huko. Sisi ni wauguzi wenye leseni tunaowaelekeza watahiniwa wa aina hii, kuanzia faili mpaka maswali. Tumechagua kuwaandikia ninyi, na kwa Kiswahili, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachowakwamisha iko kwenye makabati yenu, haiko kwenye bodi za huko.

Tuweke msingi kwanza. NCLEX ni mtihani mmoja kwa Marekani nzima. Unatungwa na NCSBN, baraza linalounganisha bodi za uuguzi za majimbo, lenye makao yake Chicago, na hufanyiwa katika vituo vya Pearson VUE, kampuni ya kuendesha mitihani. Leseni ndiyo ya jimbo. Aliyefaulu haurudii mtihani anapohama. Anaomba jimbo jipya litambue leseni aliyonayo. Aliyeanguka hana cha kutambuliwa. Akitoka Texas kwenda New York, faili lake linabaki Texas, na bodi ya New York inamfungulia jipya kama mtu ambaye haijawahi kumsikia: nakala ya matokeo ya chuo, uthibitisho wa usajili kutoka baraza la nyumbani, ripoti ya uhakiki wa vyeti, vyote upya. Alama za vidole zilizochukuliwa kwa ajili ya jimbo moja nazo hazimfuati mtu kwenda jingine.

Halafu kila jimbo lina masharti yake kuhusu kurudia. Florida, aliyeanguka mara 3 mfululizo haruhusiwi kufanya tena mpaka amalize kozi ya marekebisho iliyoidhinishwa na bodi, yenye masomo ya darasani na ya wodini, na akishaimaliza ana miezi 6 ya kuomba mtihani. Sheria yenyewe inasema hesabu hiyo ni ya popote mtihani ulipofanyiwa, na hapo ndipo wengi wanapoponzeka, maana wanaamini kwamba kuhama kunafuta idadi. Illinois inahesabu miaka 3 tangu siku ya ombi la kwanza. Ikipita bila kufaulu, ombi linakataliwa. Texas inahesabu miaka 4 tangu mtu alipomaliza masomo. California na New York haziweki kikomo cha marudio, lakini zina vizingiti vingine. California inataka nambari ya Social Security au ile ya kodi, ITIN, kabla ya ombi kuendelea. New York inataka hati za aliyesomea nje zihakikiwe na shirika la uhakiki inalolikubali, kama CGFNS, ambayo tangu 2025 inaitwa TruMerit, na kabla ya kutoa leseni inataka mafunzo mafupi ya kudhibiti maambukizi na ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto. Texas ina mtihani wake mdogo wa sheria za uuguzi za jimbo.

Tunayasema haya kwa sababu wahitimu wenu wanaulizana kila siku jimbo gani ni rahisi. Maswali yanatoka kwenye hazina ileile, awe mtu anafanyia Dallas au Buffalo. Anayehama kwa kutafuta wepesi, bila kuwa na kazi wala makazi huko aendako, anajiongezea faili la pili na gharama za pili.

Sasa saa. Kanuni ya NCSBN ni siku 45 kati ya mtihani mmoja na mwingine, hadi mara 8 kwa mwaka, ikiwa jimbo linakubali. Siku hizo zinaanza kuhesabiwa tangu mtihani uliopita, hata kama ulifanyiwa chini ya jimbo jingine. Kwenye karatasi, basi, mtu aliyeanguka mwanzoni mwa Machi angeweza kurudia katikati ya Aprili. Akibaki katika jimbo lilelile hilo linawezekana. Akiwa katika jimbo jipya, siku 45 zinageuka miezi kadhaa, na si mtihani unaozigeuza.

Ada ya kujisajili Pearson VUE ni dola 200, na hulipwa upya kila mara mtu anaporudia. Usajili huo unabaki wazi kwa siku 365, ukingoja bodi itamke kwamba mtahiniwa anastahili. Siku hizo zikiisha kabla bodi haijatamka, pesa imekwenda. Bodi ikishatamka, mtahiniwa anapata barua ya ruhusa, ATT, ambayo kwa kawaida inadumu takriban siku 90 (majimbo hutofautiana) na haiongezwi hata siku moja, awe anaumwa au amefiwa. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni mtu kulipa Pearson wiki ileile aliyopata habari za kuanguka, kwa hasira ya kutaka kurudi haraka, wakati nakala yake ya matokeo haijatoka hata kwenye ofisi ya chuo. Mpangilio tunaoupendekeza ni huu: ombi kwa bodi mpya kwanza, hati zifuatiliwe mpaka bodi ikiri kuwa zimefika, ndipo Pearson alipwe, ndipo tarehe ichaguliwe wiki 6 au 7 mbele ya siku ATT ilipotoka. Mtu akitaka kubadili jimbo baada ya kujisajili, kuna ada nyingine ya mabadiliko.

Kuna hasara ya pili isiyoandikwa kwenye risiti. Mtahiniwa anaanza kusoma kwa nguvu siku ya kwanza akidhani ana wiki 6. Wiki ya 6 yuko tayari kabisa, lakini bodi bado inasubiri bahasha. Mwezi wa 4 amechoka, amerudia maswali yaleyale hadi ameyakariri, na asilimia anazopata hazimwambii lolote tena. Mwezi wa 7 ATT inafika akiwa ameshuka. Tukiulizwa sababu za mtu kuanguka mara ya pili katika jimbo jipya, hii tunaitaja mapema.

Kwa hiyo tuzungumzie bahasha.

Bodi hazipokei nakala iliyopita mikononi mwa mtahiniwa. Zinataka hati kutoka chuo au baraza moja kwa moja, kwa njia ya kielektroniki inayotambuliwa, au kwa bahasha iliyofungwa na kupigwa mhuri juu ya mdomo wake. Hati iliyotumwa Texas miaka 2 iliyopita haiwezi kutembea yenyewe kwenda New York. Ndiyo maana jibu la "tulishatuma", hata likiwa kweli, halimsaidii anayehama. Anachohitaji ni utumaji wa pili, kwa anwani mpya, kwenye fomu ya jimbo jipya. Kama ofisi ilihifadhi nakala kamili ya kile ilichotuma mara ya kwanza, kazi hiyo ni ya asubuhi moja. Kama haikuhifadhi, inaanza tena kutafuta daftari la matokeo la mwaka aliosoma.

Kilichomo ndani kina uzito zaidi kuliko kasi. Nakala inayoorodhesha jina la somo na alama tu, bila saa, haimtoshi mhakiki wa Marekani. Mhakiki anatafuta maeneo manne: uuguzi wa watu wazima wa magonjwa ya ndani na upasuaji, uzazi, watoto, na afya ya akili. Kwa kila eneo anataka saa za nadharia na saa za vitendo, zikiwa zimetenganishwa. Muhula ulioandikwa "Uuguzi III" haumwambii kama mwanafunzi aliwahi kukanyaga wodi ya watoto. Mitaala yetu inayojengwa juu ya afya ya jamii inaweza kuwa na saa za kutosha kabisa, ila zimetawanyika: sehemu ya watoto imo ndani ya afya ya mama na mtoto, sehemu ya akili imo ndani ya zamu za jamii. Asiyeujua mtaala anaona pengo. Ofisi yenu ndiyo yenye mamlaka ya kusema, kwa barua yenye mhuri, kwamba saa kadhaa za somo hili ni za watoto na saa kadhaa ni za uzazi. Mhitimu akilisema mwenyewe halihesabiwi.

California inakwenda mbali zaidi. Kanuni yake inataka nadharia na vitendo vya eneo moja viende pamoja, katika kipindi kimoja. Aliyesoma nadharia ya watoto mwaka wa kwanza na kuingia wodi ya watoto mwaka wa tatu anaweza kuambiwa ana upungufu na arudie somo hilo kwenye chuo cha huko, hata kama saa zake zimezidi. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa alikubaliwa na jimbo jingine bila kuulizwa, akafanya mtihani, akaanguka, akahamia Los Angeles kwa ndugu, na huko ndiko akakutana na swali la tarehe kwa mara ya kwanza. Dawa yake ni jedwali la zamu lenye tarehe ya kuanza na kumaliza kila eneo, nadharia upande mmoja na wodi upande wa pili. Vyuo vina majedwali hayo, yanabandikwa ubaoni kila muhula. Tunaomba yasitupwe yanapobanduliwa.

Majina nayo. Pasipoti ina jina la ukoo na majina mengine kwa mpangilio wake, cheti cha chuo kina mpangilio mwingine, na usajili wa baraza una jina la kabla ya ndoa. Kituo cha Pearson VUE kinalinganisha jina kwenye ATT na jina kwenye kitambulisho, na yasipolingana mtahiniwa haruhusiwi kuingia, anahesabiwa kuwa hakuja, na dola 200 zake zimepotea. Bodi ya jimbo ikipokea nakala yenye majina mawili kwa mtu aliyeomba kwa majina matatu, inaliweka faili pembeni, na taarifa ya kuliweka pembeni inaweza isimfikie mtu kwa wiki kadhaa. Barua fupi ya baraza inayosema kwamba majina haya na haya ni ya mtu mmoja mwenye nambari moja ya usajili inamaliza suala hilo. Tunashauri itoke pamoja na uthibitisho kila mara, bila kusubiri kuombwa.

Tunaliona pingamizi linalokuja: kwamba tunawataka mrahisishe kuondoka kwa wauguzi wakati wodi za nyumbani zina upungufu. Ni hoja nzito na hatuipuuzi. Lakini hawa tunaowasemea wameshaondoka. Kukawia kwa hati hakumrudishi mtu Kisumu wala Mbeya. Kunamweka ughaibuni akifanya kazi ya msaidizi wa muuguzi badala ya kazi aliyosomea. Na serikali zenyewe zimeshaingia katika mambo haya: Julai 2021 Kenya ilitia saini na Uingereza makubaliano kuhusu wahudumu wa afya. Nchi inayotia saini mikataba ya kupeleka wauguzi inahitaji pia ofisi inayotuma karatasi zao.

Sasa tunawageukia wakuu wa vyuo na walimu, kwa sababu anayeanguka huwarudia ninyi kuomba msaada, na madarasa mengi ya marudio yanamfundisha tena alichokijua.

Ripoti anayopewa aliyeanguka inaitwa CPR, na si ile ya kukandamiza kifua. Inamwonyesha kwa kila eneo la mtihani kama alikuwa juu ya kiwango cha kufaulu, karibu nacho, au chini yake. Ndiyo karatasi ya kwanza ya kufungua darasani, na inashangaza wangapi wanaiweka droo kwa aibu. Aliye "karibu" katika maeneo yote na aliye "chini" katika matatu hawahitaji ratiba moja. Wa kwanza ana tatizo la kufikiri na kusoma swali; wa pili ana mashimo ya maarifa.

Katika mpango wa mtihani ulioanza 2023, eneo kubwa kuliko yote ni usimamizi wa huduma, asilimia 15 hadi 21 ya maswali, likifuatiwa na dawa, asilimia 13 hadi 19. Wahitimu wetu dawa wanazijua. Wanachoangukia ni usimamizi, na sababu yake iko wazi. Mtihani unafikiria wodi yenye ngazi tatu: RN, muuguzi aliyesajiliwa, chini yake LPN, muuguzi wa ngazi ya kati, ambaye Texas na California humwita LVN, na chini yake CNA, msaidizi wa muuguzi. Wodi zetu hazigawanyi kazi hivyo. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku anapima, anachoma sindano, anafunga kidonda, anabadilisha shuka, na ndugu wa mgonjwa wanamlisha. Akiulizwa ampe nani kazi gani, anajibu kwa mazoea ya kufanya yote.

Kanuni ya kufundisha ni fupi. Kutathmini mgonjwa mara ya kwanza, kumfundisha mara ya kwanza, na kupima kama huduma imefaulu ni kazi za RN, hazigawiwi. LPN anapewa mgonjwa aliyetulia ambaye mwelekeo wake unatabirika: vidonge, kufunga kidonda, kukumbusha mafundisho yaliyokwisha kutolewa. CNA anaosha, anatembeza, anapima presha ya mgonjwa aliyetulia, anaandika kilichoingia na kilichotoka mwilini, na analisha mgonjwa ambaye hana hatari ya kupaliwa. Neno "aliyetulia" ndilo lenye swali. Kupima presha ni kazi ya CNA, lakini kwa mgonjwa aliyeanza kuongezewa damu, RN anabaki naye dakika 15 za kwanza na vipimo ni vyake.

Kuna mtego mwingine ndani ya huo. Wanaorudia wengi wanafanya kazi kama CNA wakisubiri leseni, zamu za saa 12. Baada ya mwaka mmoja wanaanza kujibu kama CNA: mgonjwa akibadilika, wanachagua "mjulishe muuguzi". Kwenye NCLEX muuguzi ni wewe. Hata "mjulishe daktari" mara nyingi si jibu la kwanza pale ambapo kuna jambo la kuokoa linaloweza kufanyika papo hapo. Damu ikileta homa na maumivu ya kiuno, unaifunga damu, unaweka mpira mpya wenye maji ya chumvi kulinda mshipa, ndipo unapiga simu.

Maswali ya nani aonwe kwanza yanataka mazoezi ya namna hii. Wagonjwa wanne: mmoja ana siku mbili tangu upasuaji na maumivu 6 kati ya 10, wa pili ana COPD, ugonjwa sugu wa mapafu, na oksijeni asilimia 90, wa tatu ametolewa tezi ya shingo jana na anasema midomo inamchonyota, wa nne ana kisukari na anasubiri maelekezo ya kwenda nyumbani. Wengi wanamkimbilia wa pili kwa sababu wameona oksijeni. Lakini asilimia 90 kwa COPD inatarajiwa. Mchonyoto wa midomo baada ya kutolewa tezi ni dalili ya kalsiamu kushuka, kwa kuwa vitezi vya jirani vimeguswa, na hatua inayoweza kufuata ni koo kubana. Aonwe wa tatu. Mwalimu asimwache mwanafunzi mpaka aeleze kwa nini wale wengine watatu wanaweza kungoja.

Lugha ya dawa na vipimo ina siku mbili za kazi, isidharauliwe wala isichukue wiki. Paracetamol huko ni acetaminophen, salbutamol ni albuterol, adrenaline ni epinephrine, pethidine ni meperidine, glibenclamide ni glyburide, rifampicin ni rifampin. Sukari ya damu huko imezoeleka kuandikwa kwa mg/dL: zidisha mmol/L kwa 18, hivyo 10 yetu ni 180 yao. Kreatinini ya 106 kwa vipimo vyetu (µmol/L) ni 1.2 kwao (mg/dL). Joto la 38 ni 100.4 kwa Fahrenheit. Kilo moja ni pauni 2.2, na aunsi moja ya maji huhesabiwa mililita 30. Mtahiniwa anayesimama kubadilisha vipimo kichwani katikati ya swali anapoteza uzi wa mgonjwa.

Tangu Aprili 1, 2023 mtihani una sura mpya, na vitabu vya kabla ya hapo vifungiwe stoo. Maswali ni kuanzia 85 hadi 150, muda ni saa 5 pamoja na mapumziko. Katika 85 za mwanzo, 15 ni za majaribio zisizohesabiwa na hakuna anayejua ni zipi. 18 ni za visa vitatu vya wagonjwa, maswali 6 kila kisa. Hayo 6 yanafuata hatua za kufikiri: kutambua dalili zenye uzito, kuzichambua, kupanga dhana kwa umuhimu, kutafuta masuluhisho, kutenda, kupima matokeo. Kompyuta inachagua swali linalofuata kwa kadiri ulivyojibu yaliyotangulia, na huwezi kurudi nyuma. Inasimama ikishakuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu au chini ya kiwango. Kwa hiyo kufungiwa swali la 85 hakumaanishi kufaulu, na kufika 150 hakumaanishi kuanguka. Muda ukiisha kabla ya kufikisha 85, hapo umeanguka bila mjadala. Saa 5 kwa maswali 150 ni dakika 2 kila moja. Huo ndio mwendo wa kuzoea.

Maswali ya kuchagua yote yanayofaa yamebadilika pia. Zamani ukikosa moja umekosa swali zima. Sasa jibu sahihi linaongeza 1, baya linapunguza 1, na alama ya swali haishuki chini ya 0. Chukua swali lenye majibu sahihi matatu. Aliyechagua mawili ya uhakika na kuacha ana 2. Aliyechagua matatu sahihi na mengine mawili ya kubahatisha ana 1. Wanafunzi waliozoea kutia alama kila kisanduku "kwa usalama" wanajiumiza wenyewe.

Ratiba tunayoitumia kwa anayerudia ni ya wiki 6, na inaanza ATT ikiwa mkononi, si kabla. Wiki 4 za kwanza ni maswali 60 kwa siku, siku 6 kwa wiki, jumla 1,440, yakianzia maeneo ambayo CPR imeyaonyesha kuwa chini. Muda wa kusoma maelezo ya majibu uwe mara mbili ya muda wa kujibu, na maelezo ya jibu ulilopata yasomwe pia. Kila kosa linaandikwa kwenye daftari chini ya moja ya safu tatu: sikujua, nilisoma vibaya, nilijua nikabadilisha. Safu ya tatu ikiwa ndefu, tatizo ni woga, na vitabu zaidi havitasaidia. Wiki ya 5 ina majaribio mawili ya maswali 85 kwa kikao kimoja. Wiki ya 6 ina jaribio moja la 150 kwa saa 5, saa ileile ya siku ambayo mtihani umepangwa, kisha mzigo unapungua. Hazina ya maswali iwe mpya, si ile aliyotumia mara ya kwanza. Zamu za usiku ziachwe angalau siku 3 kabla. Tunajua kodi ya nyumba haisubiri, lakini dola 200 na siku 45 nyingine nazo ni gharama.

Kabla ya kupewa mafunzo ya aina yoyote, mtahiniwa aulizwe ameshafanya mara ngapi na chini ya majimbo gani. Fomu za maombi zinauliza hilo, na anayeficha anajitafutia kesi ya udanganyifu ambayo ni mbaya kuliko kuanguka mara tano.

Waheshimiwa wasajili, haya ndiyo tunayoyaomba kwenu, na mengi yake hayahitaji bajeti mpya. Mwombaji aweze kuomba utumaji wa pili akiwa mbali, bila kumtuma ndugu apange foleni. Faili lililotumwa mara moja lihifadhiwe zima kwa njia ya kielektroniki, pamoja na fomu iliyojazwa. Kuwe na karatasi moja ya kiwango, iliyokubaliwa na vyuo vyote mnavyovisimamia, inayoonyesha maeneo manne, saa za nadharia, saa za vitendo, na tarehe za kila zamu. Barua ya majina iambatane na kila uthibitisho. Vyuo vilivyofungwa au kuunganishwa, tangazeni ni ofisi gani inayoshika kumbukumbu zake. Na mwombaji apewe nambari ya ufuatiliaji na tarehe ambayo hati iliondoka mezani kwenu, ili bodi ya huko ikisema haijaona kitu ajue aanzie wapi kutafuta.

Karatasi hiyo ya kiwango tuko tayari kuisaidia kuiandaa, kwa sababu fomu za bodi tunazijaza kila mwezi na tunajua kila kisanduku kinauliza nini. Tungependa ianze kutumika kwa watakaohitimu mwaka huu, na kwa wale wa nyuma ijazwe kadiri wanavyoomba.

Wenu katika kazi,

Wauguzi waelekezi wa watahiniwa wanaorudia NCLEX